Miaka 42, AMH 0.6: "Nimeambiwa mayai yangu yamekwisha"

*"Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 42, naishi Tanga mjini. Nina mtoto mmoja wa miaka 15 wa ndoa ya kwanza. Nimeolewa tena, mume wangu ana miaka 51, na kwa mke mwenzangu aliyeko Muheza ana watoto wanne, wa mwisho ana miaka 9. Anafanya biashara ya machungwa, kwa hiyo wiki moja yuko kwangu, wiki moja yuko kwa mwenzangu. Tunatafuta mtoto, mwezi wa nane sasa. Zamani mzunguko wangu ulikuwa siku 28, siku hizi ni 24, na damu natoka siku 6. Nafuata kalenda: tunajizuia mpaka siku ya 13, 14 na 15 ili mbegu ziwe nyingi. Nimepima homoni, AMH imetoka 0.6, aliyenipima akasema mayai yamekwisha. Ultrasound ilionyesha uvimbe wa sentimita 3 kwenye ukuta wa kizazi. Nimenunua dawa ya kusafisha kizazi kwa shilingi 180,000, na duka la dawa wamenipa Clomid, sijaanza kuinywa. Mawifi wanasema yote haya ni sindano za uzazi wa mpango nilizochoma miaka minne katika ndoa ya kwanza. Natumia pia losartan miligramu 50 kwa ajili ya presha. Niambie ukweli, bado naweza kuzaa au nijipumzishe tu? Na kama naweza, nianzie wapi?"*

Waalaykum salaam, dada yangu. Ukweli ni kwamba kushika mimba bado unaweza, ila nafasi yako kwa kila mwezi ni ndogo na inazidi kupungua. Mwanamke wa miaka 30 asiye na tatizo ana nafasi kama 20 kati ya 100 ya kushika mimba katika mwezi mmoja. Akishavuka 40 huwa chini ya 5 kati ya 100. Kwa hiyo miezi minane bila mimba katika umri wako bado haithibitishi kwamba kuna ugonjwa. Lakini pia haikupi ruhusa ya kukaa na kungoja: wa chini ya miaka 35 huambiwa ajaribu mwaka mzima kabla ya kupimwa, wa 35 na kuendelea miezi sita, na aliyefika 40 anapaswa kuonana na daktari tangu mwanzo.

Kabla ya mayai na kalenda, naomba tusimame kwenye hiyo losartan, maana umeitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Losartan ni dawa nzuri ya presha kwa mtu asiye mjamzito. Kwa mjamzito huharibu figo za mtoto na kukausha maji yanayomzunguka tumboni, hasa mimba inapovuka miezi mitatu. Ndivyo zilivyo dawa zote za presha ambazo majina yake yanaishia na "sartan", na zile zinazoishia na "pril" kama captopril, enalapril na lisinopril. Usiiache leo kwa sababu umesoma hapa. Presha ikipanda bila dawa inaweza kukupooza. Nenda kliniki ya presha wiki hii, waambie wazi kwamba unatafuta mimba, na uombe kubadilishiwa. Zipo zilizotumika kwa wajawazito kwa miaka mingi, kama methyldopa, nifedipine ile inayoyeyuka polepole, na labetalol. Ukishabadilishiwa, presha ipimwe mara kadhaa mpaka itulie chini ya 140/90. Hili ndilo la kwanza, na kama hedhi itachelewa kabla hujabadilishiwa, pima mimba siku hiyohiyo; ikiwa ipo, nenda hospitali mara moja.

Sasa AMH. Hii ni homoni inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai vilivyomo kwenye ovari. Vifuko vikiwa vingi inakuwa juu, vikipungua inashuka. Kipimo cha 0.6, kama ni nanogramu kwa mililita, ni cha chini kweli, na kwa mwanamke wa miaka 42 hakishangazi. Kinachopima ni wingi tu. Kinamfaa sana daktari wa kupandikiza mimba anayetaka kukisia atavuna mayai mangapi akikuchoma sindano za kuyakuza. Kwa anayetafuta mimba kitandani mwake, ambaye kila mwezi anahitaji yai moja tu, kinasema machache mno. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulifuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na wale wenye AMH ndogo hawakuchelewa kushika mimba kuliko wenzao wenye AMH ya kawaida. Aliyekwambia "yamekwisha" amesoma namba akaipa maana isiyo yake. Mwanamke aliyemaliza mayai hapati hedhi kila baada ya siku 24.

Kinachotubana kwenye arobaini ni ubora wa mayai kuliko wingi wake. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na 2. Akibalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, akifika miaka 37 ni kama 25,000, na hedhi inapokoma kabisa yamebaki kama 1,000. Mayai hayo hayatengenezwi upya. Kila moja lilianza kugawanya kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ungali tumboni mwa mama yako, likasimama katikati, na linamalizia kazi hiyo mwezi linapotoka. Yai litakalotoka kwako mwezi ujao limesubiri miaka 42. Protini zinazoshikanisha kromosomu katika muda huo wote huchakaa, na wakati wa kugawana unapofika, kromosomu moja inaweza kwenda upande usio wake. Badala ya kubaki na 23, yai linabaki na 22 au 24. Mara nyingi yai la namna hiyo halitungi mimba, au linatunga na mimba inaharibika katika wiki za mwanzo. Ndiyo maana mimba zinazotoka zenyewe huongezeka na umri: kwa wenye miaka 40 hadi 44 ni karibu 1 kati ya 3, na baada ya 45 zaidi ya nusu. Ndiyo maana pia watoto wenye Down syndrome, yaani waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, huongezeka. Mama akiwa na miaka 40 uwezekano ni kama 1 kati ya 100, akiwa na 45 ni kama 1 kati ya 30. Nakuandikia namba hizi ili uzijue mapema. Ukizisoma kwa upande wa pili, kwa mama wa miaka 40 watoto 99 kati ya 100 wanazaliwa bila hali hiyo.

Hakuna kidonge, mzizi wala asali inayorudisha yai kwenye ujana. Vidonge vya "kuboresha mayai" vinavyouzwa kwa bei kubwa havina ushahidi wa kutosha, na fedha hizo zina kazi nyingine hapo mbele.

Nije kwenye kalenda yako, maana hapa ndipo naona miezi yenu mingi imepotea bure. Ile hesabu ya siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa kawaida, kutoka yai linapotoka mpaka hedhi inayofuata ni kama siku 14, na kipande hicho hakibadiliki sana. Kinachofupika umri unavyosogea ni kipande cha mwanzo, cha kukuza yai, kwa sababu ubongo unazidisha FSH, homoni ya kukuza mayai, na yai linakua mapema. Basi chukua 24, toa 14: yai lako linatoka kwenye siku ya 10. Likishatoka linaishi saa 12 hadi 24. Siku ya 13 mnapoanza, lilishakufa siku mbili nyuma.

Mbegu za kiume, zikikuta ute mzuri, huishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo siku zako za hatari, kama tulivyozoea kuziita, ni kuanzia siku ya 5 hadi ya 10, na zenye nguvu zaidi ni ya 8, 9 na 10. Sasa ondoa zile ambazo ungali kwenye damu. Damu inakatika siku ya 6, unaoga, na kuanzia usiku wa siku ya 7 una siku nne tu mkononi. Wanawake wengi wa Kiislamu wenye mizunguko mifupi hawalijui hili: wanatoka kwenye hedhi, wanaona wana wiki nzima ya kupumzika, kumbe muda wenyewe ndio huo unakwisha. Anzeni usiku uleule uliooga, kisha kila siku au siku moja ndani siku moja nje mpaka siku ya 11 au ya 12, kwa tahadhari, kwa kuwa mzunguko ukigusa siku 26 yai litasogea nalo.

Hilo la kujizuia "ili mbegu ziwe nyingi" liacheni. Mbegu zilizokaa siku nyingi huongezeka idadi, lakini nyingi zinakuwa zimezeeka na hazina mwendo. Mkikutana kila baada ya siku moja au mbili hazipungui kiasi cha kuzuia mimba.

Halafu kuna zamu. Mzunguko wako ni siku 24, zamu inajirudia kila siku 14, na viwili hivyo havikutani mahali pamoja. Nimepiga hesabu: katika kila mizunguko saba, miwili au mitatu siku zako za 8, 9 na 10 zote zinaangukia Muheza, na mingine zinakatwa katikati. Mzunguko ambao hedhi inaanza siku mumeo anapofika kwako, yeye anaondoka siku ya 8 asubuhi, na mwezi huo umekwenda. Ule ambao hedhi inaanza siku anapoondoka, anarudi siku ya 8, na huo ndio mwezi mzuri. Zungumza na mumeo, na ikibidi naye azungumze na mwenzako. Kubadilishana zamu kwa ridhaa ni jambo la kawaida, na unachoomba ni siku tatu au nne kwa mwezi ambazo zitarudishwa. Kama hilo ni zito, Muheza si mbali: anaweza kushinda sokoni huko na kulala Tanga siku hizo.

Usitegemee hesabu peke yake. Angalia ute. Ukikaribia siku ya yai unakuwa mwepesi, angavu, wa kuteleza, unavutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi. Siku unapouona huo ndiyo siku yenyewe, usisubiri uishe. Vipo pia vipimo vya mkojo vya kutambua yai linapokaribia kutoka, vinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Kwa mzunguko wako anza kupima siku ya 6, alasiri au jioni, bila kunywa maji mengi saa mbili kabla. Mstari wa kipimo ukikolea sawa na ule wa mfano au kuuzidi, yai litatoka ndani ya saa 24 hadi 36, mkutane usiku huo na unaofuata. Kwenye arobaini homoni inayopimwa na kipimo hicho wakati mwingine hupanda bila yai kutoka, kwa hiyo ute na kipimo vikubaliane.

Mengine madogo ya chumbani. Kuoga janaba mara tu baada ya tendo hakuondoi mimba. Mbegu zinazofaa huingia kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Kosa ni kuingiza maji, sabuni au kidole ndani kujisafisha. Kuinua miguu ukutani hakuongezi kitu. Mafuta na jeli nyingi za kulainisha hupunguza mwendo wa mbegu, ziepuke kwenye siku hizo. Udi wa kufukiza chumba na nguo hauna ubaya. Kinachodhuru ni cha kuingizwa ndani.

Hapo ndipo inapoingia ile dawa ya shilingi 180,000. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Kila mwezi ukuta wake wa ndani unabanduka wenyewe na kutoka kama hedhi, ukaota mwingine. Hizi dawa za kusafisha kizazi, kuzibua mirija na kuondoa chango, za kunywa au za kuweka ukeni, mara nyingi huunguza ngozi laini ya ndani, zikatoa maji na vinyama, na muuzaji akakuonyesha hayo kuwa ndio uchafu. Ni ngozi yako hiyo inabanduka. Pia huua bakteria wazuri wa ukeni, na maambukizi yakipanda juu ndipo mirija huziba kweli. Zaidi ya hapo hatujui zina nini ndani, na wewe una presha. Itupe.

Clomid nayo iache ilipo. Dawa hii inaudanganya ubongo uone homoni ya estrojeni imepungua, ubongo uongeze FSH, ovari zisukumwe kutoa yai. Inamsaidia mwanamke ambaye mayai yake hayatoki, kwa mfano anayekaa miezi miwili au mitatu bila hedhi. Wewe hedhi inakuja kwa mpangilio, maana yake yai karibu hakika linatoka, na kwa umri wako ubongo tayari unasukuma FSH bila kuombwa. Utakachopata ni madhara: ute unakauka, ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba, pengine ovari zivimbe, au mapacha kwenye mwili wenye presha. Isitumiwe bila daktari na bila ultrasound ya kufuatilia.

Mawifi nao wamekosea, ingawa kuna chembe ya ukweli. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uzazi. Kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Haichomi mayai na haibaki mwilini miaka. Ya ndoa ya kwanza imeshasahaulika na mwili wako.

Mumeo apimwe, hata kama ana watoto wanne. Mtoto wa miaka 9 anatuambia mbegu zilivyokuwa miaka kumi iliyopita, alipokuwa na miaka 41. Tangu hapo inawezekana amepata kisukari, ameanza dawa fulani, mishipa ya korodani imevimba, anavuta sigara, anatafuna mirungi, au anatumia zile poda za nguvu za kiume zisizojulikana zina nini. Katika ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia katika karibu nusu, peke yake au pamoja na mke. Na kipimo chake ni rahisi kuliko vyako vyote. Sioni sababu ya kukupiga picha za mirija kabla yeye hajatoa kikombe kimoja.

Kinafanyika hivi. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, si chini wala zaidi. Chombo kitoke maabara. Kondomu ya kawaida haifai, kwani nyingi zina vitu vinavyoua mbegu, na kumwaga nje wakati wa tendo kunapoteza tone la kwanza, lenye mbegu nyingi kuliko yote. Mke anaweza kumsaidia kwa mkono wake, nyumbani, na hilo huwaondolea wengi uzito wa dini. Chombo kikae karibu na mwili, mfukoni mwa ndani au kwapani, na kifike maabara ndani ya saa moja, nusu saa ikiwezekana. Kutoka Chumbageni au Ngamiani mpaka hospitali ya Bombo inawezekana. Kutoka Muheza, na daladala linavyosimama Pongwe na kila kituo, usijaribu. Majibu yakija, viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Ndiyo, nne, watu wengi hushtuka wakiona asilimia 96 "mbovu" kumbe ndivyo binadamu alivyo. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa kabla ya kuhukumu. Na mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo sigara anayoacha leo faida yake itaonekana baada ya kama miezi mitatu.

Vya kwako: nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bombo, ukiwa na tarehe za hedhi za miezi sita umeziandika kwenye karatasi. Damu: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo kwa kipimo cha TSH, kundi la damu, VVU, kaswende na homa ya ini B. Omba pia kuchunguzwa mlango wa kizazi kama hujawahi. FSH na estrojeni zichukuliwe siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi. Projesteroni ndiyo inayowachanganya watu. Maabara nyingi zitakwambia uje siku ya 21, kwa mazoea ya mzunguko wa siku 28. Inatakiwa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, na kwako hiyo ni siku ya 17. Ukienda siku ya 21 homoni itakuwa imeshaanza kushuka, utaambiwa "homoni zimevurugika", na utarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Ikichukuliwa siku sahihi na ikawa juu ya nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka, mjadala umekwisha.

Mbegu za mumeo zikiwa nzuri, kinachofuata ni picha ya mirija, HSG. Kuzaa zamani hakukuhakikishii mirija iko wazi leo. Maambukizi ya fangazi hayazibi, lakini klamidia na kisonono huziba, na mara nyingi kimyakimya. Kwa mzunguko wako kipimo kifanyike siku ya 7 au ya 8, damu ikiwa imekatika, na usikutane na mumeo tangu hedhi ianze. Maumivu yake yanafanana na ya hedhi kali kwa dakika chache. Uliza kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla. Mrija ukionekana umeziba palepale unapoanzia kwenye kizazi, uliza kama inaweza kuwa ni misuli iliyojibana kwa maumivu, maana hutokea. Ukipata homa au uchafu wenye harufu baada ya kipimo, rudi usisubiri.

Uvimbe wa sentimita 3 ulioko ndani ya ukuta, usiosukuma tundu la kizazi, mara nyingi huachwa. Swali la kumuuliza daktari ni moja tu: je, umeingia kwenye tundu? Ukiwa umeingia, hata wa sentimita 2 una maana na unaweza kuondolewa kupitia ukeni bila kupasuliwa tumbo. Usikubali kupasuliwa kwa sababu tu uvimbe umeonekana. Kidonda cha kizazi kinahitaji miezi kupona kabla ya mimba, na miezi ndiyo usiyo nayo.

Asidi ya foliki anza leo, mikrogramu 400 kila siku, mpaka wiki ya 12 ya mimba, kumkinga mtoto na mgongo wazi. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 5, dozi kubwa zaidi inayowafaa wenye kisukari, wanaotumia dawa za kifafa, au waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi. Kama hicho ndicho pekee unachokipata, muulize daktari. Ramadhani unaweza kukimeza kwenye daku.

Ujipe muda gani? Kama mirija iko wazi na mbegu ni nzuri, miezi minne hadi sita ya kulenga siku sahihi, huku vipimo vikiendelea sambamba. Ikipita, au mirija ikiwa imeziba, au mbegu ni chache sana, inabaki kupandikiza, na kwa hilo utakwenda Dar es Salaam. Uende ukijua: kwa mayai yako mwenyewe, miaka 40 hadi 42, kila kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa maabara, kinachowekwa kina nafasi kama 1 kati ya 10 ya kuleta mtoto, na baada ya 43 inashuka zaidi. Kwa AMH yako mayai yatakayovunwa yatakuwa machache. Gharama ya mzunguko mmoja ni mamilioni ya shilingi, na usidhani bima italipa mpaka uulize. Ukiuza shamba kwa ajili ya hili, uza ukijua mara nyingi jibu la kwanza ni hapana. Yai la mwanamke mwingine mwenye umri mdogo hupandisha nafasi sana, kwani kinachohesabika ni umri wa yai. Lakini wanazuoni wengi wa Kisunni, wanaoruhusu kupandikiza kwa mbegu na yai vya mke na mume walio ndani ya ndoa, wanakataza kuingiza mtu wa tatu. Hilo lizungumzeni na sheikh mnayemwamini kabla hamjaketi mbele ya daktari wa kupandikiza.

Na ukishika mimba, usisubiri miezi minne kuanza kliniki. Ultrasound ifanywe kwenye wiki ya 6 au ya 7 kuona mimba iko ndani ya kizazi, kwani za nje huongezeka na umri. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia, hata kama damu ni matone tu, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Mwambie mkunga mambo matatu bila kuulizwa: una zaidi ya miaka 40, una presha, na imepita zaidi ya miaka 10 tangu uzazi wa mwisho. Kila moja linaongeza hatari ya kifafa cha mimba, na kwa mtu kama wewe daktari kwa kawaida huanzisha aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12. Sukari ipimwe tena katikati ya mimba, na ultrasound ya kuangalia viungo vya mtoto ifanywe kati ya wiki ya 18 na 22. Kujifungulia nyumbani au zahanati usikufikirie. Panga Bombo, na uwe umeshajua ni gari la nani litakalokupeleka.